UZI: Nani aamue mtoto wetu asome historia gani? Maswali kutoka Silibwet

1/ Uzi wa leo ni mrefu, kwa hivyo jimwagie chai kwanza. Kila kampeni zikianza, mtu anapanda juu ya gari, anashika maikrofoni na kusema, "Historia yetu inajulikana!" Watu wanapiga makofi. Leo nauliza swali dogo tu: inajulikana na nani? Yeye aliisomea wapi, na sisi tunaopiga makofi tuliisomea wapi?

2/ Sheria za hapa ni zile zile. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunapima hoja. Ya leo ni mtaala wa kitaifa wa Historia, na ndani yake kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya kila siku: somo liwe la lazima au la kuchagua? Ndani yake kuwe na nini? Na nani mwenye mamlaka ya kuamua? Ukijibu moja ukidhani umejibu yote, mjadala unakuwa kelele.

3/ Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Juzi nilikuwa kwa hoteli moja hapa Silibwet nikingoja mvua iishe. Meza ya pili alikaa kogo mmoja na mjukuu wake wa Gredi ya 9. Kijana anamweleza masomo atakayochukua akienda sekondari pevu. Anataka sayansi. Kogo akauliza, "Na Historia?" Kijana akasema, "Hiyo si lazima, kogo."

4/ Kogo akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kikipsigis, nami natafsiri: "Sasa nani atakueleza kwa nini sisi tuko huku na ile chai kubwa iko kule?" Akaonyesha kwa mkono upande wa Kericho. Kijana hakuwa na jibu. Na mimi niliyekuwa nasikiliza, mtu mzima na vyeti vyangu, nikajiuliza kama ningelijibu vizuri.

5/ Tuanze na hali ilivyo. Katika mtaala wa umilisi, watoto wanasoma Masomo ya Jamii kuanzia Gredi ya 4 mpaka ya 9. Gredi ya 10, ambayo kundi lake la kwanza liliingia Januari 2026, mwanafunzi anachagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati na somo la huduma kwa jamii ni lazima. Historia na Uraia ni la kuchagua.

6/ Maana yake ni rahisi. Mtoto akichagua sayansi, mara ya mwisho kusoma historia darasani ana miaka 14 au 15. Baada ya hapo mwalimu wake wa historia ni WhatsApp, TikTok na yule jamaa wa juu ya gari. Na miaka mitatu minne baadaye anapata kitambulisho na kura.

7/ Kabla mashabiki wa 8-4-4 hamjaanza kushangilia: tulieni. Huko pia Historia na Serikali wengi waliiacha mwisho wa Kidato cha 2. Na unakumbuka mpangilio wa silabasi? Kidato cha 1 na 2 ni binadamu wa kale, kilimo cha kale, uhamiaji, biashara, usafiri. Uvamizi wa wakoloni, utawala wao na harakati za uhuru vilikuwa Kidato cha 3. Kenya baada ya uhuru ilikuwa Kidato cha 4.

8/ Soma hiyo tena polepole. Aliyeacha Historia Kidato cha 2 alitoka akijua gurudumu lilivumbuliwa na Wasumeri, lakini hajafundishwa kwa undani shamba la babu yake lilichukuliwaje. Wengi wetu tunaobishana hapa mtandaoni ni hao. Sisemi kwa dharau. Ni mpangilio tuliopewa, na wengi hatukujua umepangwa hivyo.

9/ Turudi nyuma kidogo. Shule za ukoloni zilifundisha historia ya wageni: nani "aligundua" ziwa gani, mfalme gani alitawala London. Mwafrika akiingia kitabuni aliingia kama mpagazi. Kwa hivyo uhuru ulipokuja, kazi ya kwanza ya tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Ominde, iliyotoa ripoti kuanzia 1964, ilikuwa kusema elimu ijenge taifa moja. Si makabila arobaini na kitu, si Wazungu, Wahindi na Waafrika kila mtu na shule yake.

10/ Wanahistoria wetu nao wakaingia kazini. Mwaka 1968 kikatoka kitabu Zamani, kikihaririwa na Bethwell Ogot pamoja na J. A. Kieran, kuonyesha kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na historia yake kabla ya meli ya Mzungu kutia nanga. Walitumia masimulizi ya wazee kama ushahidi, jambo ambalo vyuo vya Ulaya vilikuwa vinalicheka. Mwaka 1977 Henry Mwanzi akachapisha historia ya Wakipsigis. Kwa hivyo usiambiwe ati utafiti haupo. Upo tangu zamani, ni darasani ndio haujafika vizuri.

11/ 8-4-4 ilipoanza 1985, shule ya msingi iliunganisha Jiografia, Historia na Uraia kuwa somo moja. Wale wa enzi hizo mnakumbuka: unakariri mito, wilaya na majina ya mawaziri, asubuhi mnasimama paredi na kutamka kiapo cha uaminifu. Uraia ulikuwa kujua nani ni mkubwa. Kuuliza mkubwa alifika pale vipi haikuwa kwenye mtihani.

12/ Hapo ndipo penye kiini cha leo. Lengo la umoja lilikuwa zuri, tena la lazima kwa nchi changa. Lakini umoja ulitafsiriwa kuwa: weka kitabuni yanayotuunganisha, yanayouma yaachwe nje. Na njia ya kupimia ikawa "taja sababu tano". Kitu chenye sababu tano zilizopangwa hakina maswali tena. Unakariri, unaandika, unasahau.

13/ Mfano wa kwetu. Kwenye silabasi ya sekondari, waliopinga ukoloni ni Wanandi, Wabukusu, Wagiriama na Wasomali. Waliopatana na Mwingereza ni Wamaasai na Wawanga. Waliochanganya ni Wakamba, Waluo na Wakikuyu. Koitalel arap Samoei yumo, aliuawa Oktoba 1905 kwa hila alipokwenda kukutana na Meinertzhagen. Vizuri sana, ni lazima awemo. Lakini Mkipsigis yuko wapi? Kwenye sura ya uhamiaji tu. Ati tulihama, tukafika, tukakaa kimya.

14/ Lakini mwaka huo huo wa 1905, jeshi la Mwingereza lilishuka Sotik, si mbali na hapa Silibwet, kuwaadhibu Wakipsigis kwa madai ya kuiba ng'ombe wa Wamaasai. Watu wakauawa, mifugo ikachukuliwa kwa maelfu. Unaweza kupanda matatu asubuhi ukafika huko kabla chai haijapoa. Mtoto wa hapa anaweza kumaliza shule bila kusikia habari hiyo kwa mwalimu.

15/ Endelea. Mwaka 1914 viongozi wa ukoo wa Talai, akiwemo Kipchomber arap Koilegei, ndugu yake Koitalel, walihamishwa kwa nguvu hadi pande za Murang'a na Nyeri. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria maalum ya kuuondoa ukoo mzima. Watu kama 700, wanawake kwa watoto, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Waliobaki hai walirudi karibu na uhuru na kukuta hawana ardhi. Fikiria hilo: sheria inayolenga ukoo mmoja.

16/ Na chai je? Baada ya Vita vya Kwanza, mwaka 1919, ekari kama 25,000 za Kericho zilitengewa maofisa wa Kiingereza walioumia vitani. Walilima kitani. Bei ikaanguka, mradi ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yakaingia na chai. Mwafrika mwenyewe hakuruhusiwa kupanda chai yake mpaka miaka ya 1950. Shirika la wakulima wadogo, KTDA, lilizaliwa 1964.

17/ Sasa jibu la swali la kogo linaanza kuonekana. "Sisi tuko huku na chai kubwa iko kule" lina tarehe, lina sheria, lina mikataba ya kukodisha ya miaka 999 iliyotokana na sheria ya ardhi ya 1915. Mtoto anayechuna majani Jumamosi kabla ya kwenda mtoni angeweza kusoma yote haya akiwa amesimama shambani. Hahitaji maabara.

18/ Hapo ndio hoja ya kwanza ya majukwaani inaingia: "Mkifundisha hayo mtafufua chuki." Msiicheke hoja hii. Sisi wa huku tunajua gharama yake. Mwaka 1992 tuliona nyumba zikiwaka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zikawaka tena. Tume ya uchunguzi ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Watu waliokuwa wakichuna chai mstari mmoja walitazamana kama maadui. Anayeogopa historia ya ardhi kwenye nchi ya chai si mjinga.

19/ Lakini jiulizeni: 1992 na 2007 watoto walikuwa wamefundishwa historia ya ardhi shuleni? La. Ilikuwa imenyamaziwa. Na bado moto uliwaka. Kwa hivyo kunyamaza hakukuzuia kitu. Kulichofanya ni kumwachia mtu wa maikrofoni darasa zima. Yeye anafundisha nusu: "Ardhi yetu ilichukuliwa." Hiyo ni kweli. Halafu anaruka miaka 80, anamwonyesha jirani kidole: "Na huyu ndiye."

20/ Hiyo nusu nyingine ndiyo shule inapaswa kuileta. Jirani hakuchukua ardhi Kericho. Kodi ya nyumba ilimsukuma babu yake kutoka Kisii, Nyanza au Magharibi atafute mshahara, na makampuni yalihitaji mikono. Alilala kwenye laini za kampuni, akachuna kwa bei ya kampuni. Aliyeporwa ardhi na aliyeletwa kuilima walikuwa chini ya mkono mmoja. Mtoto anayejua hili ni vigumu kumtuma na kiberiti.

21/ Tazama Rwanda. Kabla ya 1994 shule zilifundisha historia ya "nani alikuja kwanza": Watwa, kisha Wahutu, kisha Watutsi kama wageni kutoka kaskazini. Ilikuwa nadharia ya wakoloni ikavaa sare ya shule, na vitambulisho vya kabila vilivyoanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930 vikaipa muhuri. Baada ya mauaji ya kimbari, ufundishaji wa historia ukasimamishwa, na kukubaliana ifundishwe vipi kulichukua miaka mingi.

22/ Kwa hivyo funzo la Rwanda linakata pande mbili. Historia mbaya darasani inaua. Na baada ya kuua, hata kuifundisha tena inakuwa mlima. Anayesema "tuifundishe tu yote" bila kusema vipi, na anayesema "tuizike", wote wawili hawajamaliza kazi yao ya nyumbani. Swali "nani alikuja kwanza" ni swali baya la kuanzia. Swali zuri ni: ni sheria gani, ya mwaka gani, ilimpa nani nini, na ikamnyang'anya nani?

23/ Na sasa ngoja nijichome mwenyewe, maana uzi huu si wa kujipendelea. Sisi Wakipsigis tunataka Sotik, Talai na Gwassi viingie kitabuni. Sawa. Je, tuko tayari Waogiek waingie pia? Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema serikali ya Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafurusha kutoka Msitu wa Mau, na 2022 ikaamuru walipwe fidia. Mau iko hapo juu. Tunaiona kila asubuhi.

24/ Hapa kwetu Mau ni jina linalofanya chai ipoe mezani. Kuna waliofurushwa 2018 na 2019, wengine na stakabadhi mikononi, na machungu yao ni ya kweli. Kuna Waogiek waliokuwa msituni kabla ya stakabadhi zozote. Na kuna Wamaasai wenye kumbukumbu zao upande wa Narok. Mtaala unaoingiza kilio changu na kuacha cha jirani bado ni kampeni, umechapishwa tu vizuri.

25/ Hoja ya pili: "Basi kila kaunti iandike historia yake." Inasikika tamu, lakini kwanza tujue sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa sera ya elimu, viwango na mitaala. Kaunti zina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto. Kwa hivyo gavana au mwakilishi wa wadi akikuahidi kubadilisha silabasi ya Historia, muulize atatumia kifungu kipi.

26/ Tena, hebu tufikirie kaunti 47 zenye historia 47. Mpaka wa Bomet na Nyamira ungekuwa na vita moja, mashujaa wawili tofauti na wezi wawili tofauti. Mtoto wa Sotik na mtoto wa Borabu wangesoma kwamba kila mmoja alionewa na mwenzake. Tayari wanayasikia hayo nyumbani. Shule ndiyo mahali pekee ambapo masimulizi mawili yanaweza kuwekwa meza moja na mtu asiye na fimbo.

27/ Lakini hoja hiyo ina ukweli ndani. Mtaala mmoja usiwe kitabu kimoja cha Nairobi. Tayari Gredi ya 4 mtoto anasoma kuhusu kaunti yake. Hicho ndicho chumba cha kupanua: kiini kimoja cha kitaifa ambacho kila mtoto anakisoma, toka Lamu mpaka Turkana, pamoja na sehemu ya nyumbani ambapo mwalimu anatumia wazee, makaburi, ramani na stakabadhi za hapo hapo. Na sehemu hiyo ifike mpaka sekondari, isiishie mtoto akiwa na miaka 10.

28/ Hoja ya tatu: "Serikali itaandika historia ya kujisifu." Hii nayo si ndoto. Mau Mau walipigwa marufuku na mkoloni mwaka 1950. Marufuku ile ilikaa kwenye sheria zetu mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Yaani mwalimu alifundisha wapigania uhuru darasani, na kisheria wapigania uhuru hao walikuwa kundi haramu. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957 na mpaka leo kaburi lake Kamiti halijulikani lilipo.

29/ Angalia na majirani. Tanzania iliagiza somo la Historia ya Tanzania lianze 2021, na kwenye mtaala mpya wa 2023 likawa Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima, linafundishwa kwa Kiswahili. Kuna mazuri ya kujifunza: lazima, na kwa lugha ambayo nyanya anaielewa. Lakini historia ikifungwa kamba moja na maadili, mtu ana haki kuuliza: mtoto anafundishwa kuchunguza au kutii? Hilo ni swali letu pia kabla hatujaiga.

30/ Dawa ya historia ya kujisifu ni ushahidi wazi, na Kenya tunao. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilichukua taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi, ikatoa ripoti Mei 2013. Wagalla ya 1984 imo. Ardhi imo. Miaka zaidi ya 10 imepita na utekelezaji wake haujakamilika. Hata kama wanasiasa hawajakubaliana juu ya fidia, ni nini kinazuia kurasa kumi zake zisomwe na mtoto wa Gredi ya 10, zikiwekwa kando ya majibu ya waliotuhumiwa?

31/ Hoja ya nne, ambayo wazazi wengi wananiambia inbox: "Historia haileti kazi." Naelewa. Karo imekuuma, bonasi ya chai imeshuka, unataka mtoto awe daktari pale Tenwek. Lakini kumbukeni 2013: Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Kesi ile iliimarika kwa sababu wanahistoria walichimba, na mafaili yaliyofichwa Hanslope Park yakatolewa 2011.

32/ Madai ya Wakipsigis na Talai nayo yalifika Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambayo 2019 ilikubali kwamba dhuluma ilitendeka, na 2022 yakapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kesi kama hizo zinajengwa kwa ramani za kale, barua za maofisa, na wazee wanaokumbuka majina ya vijito. Wazee wanaondoka kila mwaka. Kama hakuna kijana anayejua kuuliza na kuandika, ushahidi unazikwa nao. Kwa hivyo usiniambie historia haina faida. Uliza nani anafaidika usipoijua.

33/ Sasa, nani aamue? Kisheria, mitaala chini ya chuo kikuu inaandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, chini ya sheria yake ya 2013. Wizara inaweka sera. Baraza la mitihani linatahini, na tusidanganyane: kisichotahiniwa hakifundishwi. Bunge linapitisha sheria na bajeti. Na Katiba, Kifungu cha 10, inasema ushiriki wa wananchi ni mojawapo ya maadili ya taifa. Ukiona tangazo la maoni ya umma kuhusu mtaala, hiyo ni siku yako. Usiangalie tu mpira.

34/ Msimamo wangu, mnaweza kuupinga: Historia iwe ya lazima mpaka mwisho wa sekondari pevu, hata kama ni vipindi viwili kwa wiki na bila kumharibia mwanasayansi alama zake. Ukoloni na Kenya baada ya 1963 visiwekwe mwisho wa foleni. Palipo na mzozo, mtoto apewe ushahidi wa pande zote na aulizwe "unajuaje?" badala ya "taja sababu tano". Na mwalimu apewe mafunzo na ulinzi, maana ndiye atakayesimama mbele ya darasa lenye watoto wa aliyefukuzwa na wa aliyefukuza.

35/ Hilo la mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi. Walimu wengi hapa wanaishi kati yetu. Akitaja 2008 vibaya, kesho mzazi yuko getini. Hatutaki kumtuma peke yake vitani. Asiyetaja bajeti ya mafunzo ya walimu na bado anaahidi "historia ya kweli" anakuuzia gunia la majani bila mizani.

36/ Kwa hivyo msimu huu mtu akiomba kura yako na kutaja historia, muulize matano haya. Moja: somo liwe lazima mpaka gredi gani? Mbili: ripoti ya 2013 iingie darasani au la? Tatu: dhuluma ipi ambayo watu WAKO waliwatendea wengine iwekwe kitabuni? Nne: utafunza walimu kwa pesa gani? Tano: hilo unaloahidi ni kazi ya ofisi unayoomba, au ni ya mwingine? Swali la tatu litakuonyesha mtu haraka sana.

37/ Mvua ilipoisha pale hotelini, kogo alilipa chai, akafunga leso vizuri, wakatoka. Nikamsikia kijana akimuuliza njiani, "Kwani Gwassi ni wapi?" Sijui masomo gani atachagua, na si kazi yangu kumchagulia. Lakini swali kama hilo linastahili mwalimu, kitabu na kipindi kwenye ratiba. Leo bahati yake ni kwamba kogo bado yupo.

38/ Kazi ya leo kwenye komenti: taja tukio moja lililotokea karibu na kwenu ambalo hukufundishwa shuleni, na ulilijua kwa nani. Weka mwaka kama unaujua. Matusi ya kabila nitafuta bila kuuliza. Na kama wewe ni mwalimu wa Historia, karibu unisahihishe pale nilipoteleza. Chai iko.